Ng'ombe wa Dada: Mapenzi ya Vijana, Mali na Kesi za Wasichana katika Historia ya Gusii

Utangulizi

Miongoni mwa visa vilivyopendwa sana katika riwaya, tamthilia na filamu za karne ya ishirini ni kile cha vijana wawili wapendanao ambao wanatenganishwa na hali ya mali. Mmoja hana kitu. Mwenzake ni mtoto wa watu wenye mali na jina. Wanatoroka, wanasakwa, wanapatikana, na nguvu ya wenye mali inaamua hatima yao. Filamu ya Kitamil iitwayo Kaadhal, iliyoongozwa na Balaji Sakthivel na kutolewa mwaka 2004, inakisimulia kisa hicho bila mapambo: fundi kijana wa mji wa Madurai na msichana wa shule wa familia tajiri wanakimbilia Chennai, wanafuatwa na jamaa za msichana, na mwisho wake ni ndoa ya lazima kwa msichana na wazimu kwa kijana. Nusu karne kabla yake, filamu ya Kihindi ya Raj Kapoor, Awara (1951), ilikuwa imewaweka kijana fukara na msichana aliyelelewa na hakimu mbele ya macho ya watazamaji wa Afrika Mashariki. Laura Fair, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu watazamaji wa Zanzibar, ameonyesha jinsi vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walivyozitumia filamu za Kihindi kujadili haki yao ya kuchagua mwenzi.

Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, ni rahisi kufikia hitimisho kwamba kisa cha mapenzi yanayozuiliwa na mali ni mgeni katika eneo hili, aliyeingia kwa meli, kwa sinema na kwa vitabu vya mapenzi. Makala haya yanapinga hitimisho hilo kwa kuichunguza sehemu moja ya Kenya ambayo iko mbali na pwani, yaani nchi ya Abagusii, ambayo tangu mwaka 2013 imegawanyika katika kaunti za Kisii na Nyamira. Hapa, kati ya miaka ya 1930 na 1960, kisa hicho kilisimuliwa mara maelfu. Hakikusimuliwa kwenye ukumbi wa sinema wala katika riwaya. Kilisimuliwa mahakamani, na wahusika wenyewe, mbele ya wazee, katika mashauri yaliyokuja kuitwa kesi za wasichana.

Hoja ya makala haya ni kwamba kisa cha Gusii kinatofautiana na kile cha filamu katika jambo moja la msingi. Katika filamu, anayewazuia wapenzi ni mtu mwovu au tabaka lenye kiburi. Katika Gusii, kilichowazuia wapenzi mara nyingi kilikuwa ni ng'ombe ambao wapenzi wengine walikuwa wakiwangojea. Mhakiki asiyeliona jambo hili atausoma mgogoro wa Gusii kama nakala hafifu ya mgogoro wa mahali pengine.

Nani alikuwa maskini?

Neno "tabaka" linahitaji uangalifu linapotumiwa kuhusu Gusii ya kabla ya uhuru. Hapakuwa na tabaka la kurithi kama lile ambalo filamu za Kitamil hulichora, wala hapakuwa na mabwana wa ardhi na watwana wao. Kila mwana wa kiume alitarajia shamba katika ardhi ya ukoo wa baba yake. Hata hivyo kulikuwa na tofauti kubwa kati ya kijana aliyeweza kuoa mapema na kijana ambaye alingoja miaka mingi, na tofauti hiyo ilipimwa kwa ng'ombe, ambao kwa Ekegusii huitwa chiombe.

Ng'ombe wa mahari walitoka wapi? Philip Mayer, aliyefanya utafiti katika Gusii katika miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu kuhusu sheria na desturi za mahari mwaka 1950, ameeleza utaratibu wenyewe kwa kina. Katika mji wa mwanamume mwenye wake wengi, kila nyumba, yaani kila mke na watoto wake, ilikuwa na mali yake. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti wa nyumba fulani walikuwa ng'ombe wa nyumba hiyo, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kumwozea kaka wa tumbo moja. Dada alipoolewa, kaka alipata njia ya kuoa. Kwa hiyo utajiri wa kijana haukutegemea baba yake peke yake. Ulitegemea pia dada zake. Mwana aliyezaliwa katika nyumba yenye mabinti alikuwa na matumaini. Yule ambaye hakuwa na dada, au ambaye dada zake walikuwa bado wadogo, alikuwa maskini hata kama baba yake alikuwa na ardhi ya kutosha.

Zaidi ya hayo, baba mwenyewe angeweza kuwachukua ng'ombe wa binti yake na kujiolea mke mwingine, akaiachia nyumba ile deni la kulipwa baadaye. Hapo ndipo uzee na mali vilipokutana. Mpinzani wa kijana maskini hakuwa lazima kijana tajiri. Mara nyingi alikuwa mzee mwenye wake tayari, aliyeweza kuwatoa ng'ombe mara moja wakati kijana alikuwa bado anahesabu. Ikiwa tabaka ni uhusiano wa watu na mali inayowawezesha kuishi maisha kamili ya jamii yao, basi Gusii ilikuwa na tabaka la aina yake, ambalo mipaka yake ilifuata umri, wingi wa dada na ukubwa wa zizi.

Kupanda kwa mahari

Hali hii ilizidishwa na historia ya ukoloni. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Misafara ya kijeshi ya Waingereza ya mwaka 1905 na 1908, ule wa pili ukifuatia tendo la Otenyo la kumchoma mkuki afisa Northcote, iliteka mifugo mingi ya Abagusii na kuchoma nyumba zao. Baada ya hapo utawala mpya uliyavunja mazizi ya vijana yaliyoitwa ebisarate, ambako wanaume wasiooa walikuwa wakilinda ng'ombe mbali na nyumbani. Kodi ikawasukuma vijana kwenda kutafuta mshahara, hasa kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Katika miaka ya 1930 Gusii ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kulima kahawa. Vita vya pili vya dunia vikaongeza fedha mikononi mwa watu.

Fedha hizo hazikupunguza thamani ya ng'ombe. Ziliigeukia mahari. Idadi ya ng'ombe waliodaiwa ilipanda kutoka kiwango cha chini cha mwanzo wa karne hadi kiwango ambacho kijana wa kawaida hangeweza kukifikia bila dada au bila miaka mingi ya kibarua. Wazee na maafisa wa serikali walijaribu zaidi ya mara moja kuweka kikomo, na kila mara kikomo kilivunjwa. Sababu si vigumu kuiona. Kila baba alikitaka kikomo alipomwolea mwanawe, na kila baba alikichukia alipomwoza bintiye. Kwa kuwa karibu kila mwanamume alikuwa baba wa wote wawili, sheria iliyotungwa asubuhi barazani ilivunjwa jioni na wale wale walioitunga.

Hapa ndipo kisa cha mapenzi kinapoanza kwa kweli. Vijana walioshindwa kungoja walitoroka pamoja. Wanawake waliokwisha kuozwa kwa wazee wenye ng'ombe waliwaacha na kuwafuata wapenzi wao. Mababa waliwalazimisha mabinti waende mahali ambako ng'ombe walikuwa tayari. Baadhi ya wanaume waliokata tamaa waliwateka wanawake kwa nguvu. Brett Shadle, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kesi hizi, anauanzisha msukosuko huo mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuonyesha jinsi maelfu ya mashauri yalivyomiminika mahakamani katika miaka iliyofuata.

Mahakama kama jukwaa la usimulizi

Mahakama hizo za wazee, ambazo Abagusii waliziita ritongo, ziliendeshwa chini ya Sheria ya Mabaraza ya Wenyeji ya mwaka 1930, kisha chini ya Sheria ya Mahakama za Waafrika ya mwaka 1951. Waliokaa kitini walikuwa wazee wa Kigusii. Waliofika mbele yao walikuwa mababa, waume, wapenzi, kaka, na wanawake wenyewe.

Kwa mhakiki wa fasihi, kumbukumbu za mahakama hizo zina mvuto wa pekee, lakini pia zina hatari yake. Mvuto wake ni kwamba zinahifadhi visa vya mapenzi vilivyosimuliwa na watu ambao hawakuwa waandishi. Kila shahidi alilazimika kupanga matukio yake: jinsi walivyokutana, nani alisema nini, siku gani msichana aliondoka nyumbani, nani alimwona njiani. Kulikuwa na mwanzo, kilele na ombi la mwisho. Kulikuwa pia na hadhira yenye uwezo wa kuamua, jambo ambalo msimulizi wa kawaida hanalo.

Hatari yake inatokana na swali lililoulizwa. Mahakama iliuliza hasa swali la mali na haki: nani alitoa ng'ombe, nani aliwapokea, baba aliridhia au hakuridhia. Mwanamke alipopewa nafasi ya kusema, mara nyingi alijibu swali jingine, yaani alimtaka nani. Ndani ya faili moja kulikuwa na masimulizi mawili yaliyopitana. La kwanza lilikuwa na wahusika wanaume na ng'ombe; la pili lilikuwa na mwanamke na hiari yake. Karani aliyeandika alifupisha, na muhtasari kwa desturi humfuata mwenye kudai. Kwa hiyo msomaji wa leo analazimika kuisikiliza sauti ya msichana pembezoni mwa maandishi ambayo hayakuandikwa kwa ajili yake.

Hata hivyo sauti hiyo ipo, na inasema jambo ambalo halitarajiwi. Shadle anasisitiza kwamba wanawake hawa na wapenzi wao hawakuikataa ndoa ya mahari. Wengi wao hawakuwa wakikimbilia mjini ili kuishi nje ya desturi. Walibaki vijijini na kuigombania ndoa mahali pale pale. Walichotaka ni kwamba ng'ombe watolewe na mtu waliyempenda, kwa kiwango ambacho angekiweza, na kwamba ridhaa ya binti ipewe uzito pamoja na ridhaa ya baba. Kutoroka, kwa maana hiyo, kulikuwa ni namna ya kuomba. Wapenzi waliondoka ili waitwe warudi. Walitumaini kwamba baba, akishaona jambo limekwisha kutokea, angekubali ng'ombe wachache au angengoja. Tofauti na wapenzi wa Kaadhal, ambao usalama wao ulikuwa katika umbali, wapenzi wa Gusii walitafuta usalama katika kutambuliwa.

Ng'ombe wale wale

Mfano wa kubuni utasaidia kuonyesha uzito wa mgogoro huu. Na tuchukue nyumba yenye watoto wawili, Kerubo na kaka yake Ombati. Kerubo anampenda kijana asiye na dada. Ombati naye ana mchumba, ambaye baba yake anadai ng'ombe kumi. Mzee mmoja wa ukoo wa jirani yuko tayari kumtolea Kerubo ng'ombe kumi na wawili kesho. Kerubo akitoroka na mpenzi wake, Ombati hana cha kupeleka, na mchumba wake ataozwa kwingine. Kerubo akikubali kuolewa na mzee, mpenzi wake anabaki peke yake, na Ombati anaoa kwa mapenzi kutokana na ndoa isiyo na mapenzi.

Na tuendelee mbele kidogo. Kerubo ameolewa na mzee, ng'ombe wamefika, wamekwenda kwa akina mchumba wa Ombati, na huko nako kaka wa mchumba huyo amewatumia kuoa. Baada ya mwaka mmoja Kerubo anamkimbia mzee na kumrudia mpenzi wake wa zamani. Mzee anadai ng'ombe wake mahakamani. Lakini ng'ombe hao wamekwisha kupita mazizi matatu, na kila zizi limewageuza kuwa ndoa. Ikiwa mahakama itaamuru warudishwe, si Kerubo peke yake anayetikisika. Ndoa ya Ombati inatikisika, na ile ya shemeji yake vilevile. Baba anayemrudisha binti yake kwa mume asiyemtaka anaweza kuwa mkatili. Anaweza pia kuwa mtu anayezilinda nyumba tatu kwa kuivunja hiari ya mtu mmoja.

Huu ndio msiba wa Gusii, na ndio unaoutofautisha na kisa cha mwovu na wapenzi. Mwovu akifa, au akibadilika moyo, kisa cha kawaida kinaweza kumalizika kwa furaha. Hapa hata baba mwenye huruma hana huruma ya kutosha kwa watoto wake wote. Anachompa mmoja anamnyang'anya mwingine. Uadui hauko kati ya vizazi viwili tu; uko kati ya dada na kaka waliolelewa na mama mmoja, na hakuna kati yao aliyeuchagua.

Ikumbukwe pia kwamba mzigo haukugawanywa kwa usawa. Katika mnyororo huu mwanamume alihitaji ng'ombe ili aoe. Mwanamke alikuwa ndiye njia ya ng'ombe hao. Kaka angeweza kusikitika, lakini alikuwa na maslahi katika utii wa dada yake. Hukumu iliyodai kulinda nyumba zote ililipwa kwa mwili wa mmoja, na mmoja huyo alikuwa karibu kila mara ni msichana.

Kukataa na mchezo wa kukataa

Kuna suala jingine ambalo uhakiki hauwezi kulikwepa. Abagusii huoa nje ya ukoo, na zamani koo hizo zilikuwa na uadui. Upo msemo wao maarufu kwamba wanaooana nao ndio wanaopigana nao. Desturi ya arusi ilimtaka bibi arusi aonyeshe kusita. Vijana wa upande wa bwana walipokuja kumchukua alipinga, akajificha, akalia, na heshima yake ilihusiana na ukali wa upinzani wake. Ilikuwa ni sehemu ya kuigizwa, na kila mtu aliijua.

Lakini desturi inapomwandikia mwanamke sehemu ya kukataa, inakuwa vigumu kukutambua kukataa kwake kwa kweli. Robert LeVine, katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu makosa ya kujamiiana katika Gusii, alihusisha wingi wa mashtaka ya ubakaji na uadui wa koo, kupanda kwa mahari na malezi. Maelezo yake yamejadiliwa sana, na baadhi yake yanaelekea kuifanya tabia ya jamii nzima kutokana na matendo ya wahalifu. Hata hivyo jambo moja linabaki. Katika kesi za wasichana, mshtakiwa angeweza kudai kwamba msichana alikuja kwa hiari na kwamba kilio chake kilikuwa cha desturi. Baba naye angeweza kudai kwamba binti yake alitekwa, wakati alikuwa amekwenda mwenyewe usiku kwa miguu yake. Neno "kutoroka" na neno "kutekwa" yaligombaniwa, na aliyeshinda neno ndiye aliyeshinda kesi.

Kwa sababu hiyo msomaji hana budi kujihadhari asiyageuze mafaili yote kuwa hadithi za mapenzi. Baadhi yake ni hadithi za jeuri zilizovishwa nguo za mapenzi na mtenda jeuri mwenyewe. Fasihi ya mapenzi hupenda mwanamume anayeshinda vizuizi vyote. Mahakama za Gusii zinakumbusha kwamba kizuizi kimojawapo kinaweza kuwa mwanamke anayesema hapana.

Kisa hiki katika fasihi ya Afrika Mashariki

Fasihi ya Afrika Mashariki imeukaribia mgogoro huu kwa njia mbalimbali. Okot p'Bitek, katika riwaya yake ya Kiacholi Lak Tar iliyotoka mwaka 1953, anamsimulia Okeca Ladwong, kijana ambaye hana mahari ya kumwolea mpenzi wake, anakwenda Kampala kutafuta fedha, na anarudi mikono mitupu baada ya kuibiwa. Hapa mahari yenyewe ndiyo injini ya kisa, na mji unaonekana kama mahali pa ahadi isiyotimizwa. Kijana wa Gusii aliyekwenda Kericho angeielewa safari hiyo. Lakini katika Lak Tar jicho linamfuata mwanamume anayetafuta. Msichana anayengoja, na kaka zake wanaongoja pamoja naye, wanabaki nyuma ya pazia.

Katika Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, mgogoro umewekwa kati ya binti na wazazi wake katika mji wa pwani. Uhakiki umezoea kuisoma tamthilia hiyo kama pambano la kizazi kipya na cha zamani, na usomaji huo una haki yake. Usomaji huo huo ukipelekwa Gusii bila marekebisho utapotosha, kwa kuwa pale kaka wa binti, ambaye ni kijana kama yeye, alisimama upande wa wazee kwa sababu ya mapenzi yake mwenyewe.

Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyoigizwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na kujulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, inauweka utabaka wazi zaidi. Gathoni, binti wa mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi, anaachwa na mwana wa tajiri Kĩoi, na familia yake inaipoteza ardhi yake. Huko mali inayoamua mapenzi ni ardhi na mtaji, na mwovu anajulikana kwa jina. Ushujaa wa kisiasa wa tamthilia hiyo unatokana na uwazi huo. Kisa cha Gusii hakina uwazi wa namna hiyo, na hiyo si kasoro. Kinamtaka msomaji amwonee huruma mtu ambaye anafaidika na dhuluma bila kuitenda, naye ni kaka anayengoja ng'ombe wa dada yake.

Baada ya mahakama za wazee

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967 ilizimaliza mahakama za Waafrika zilizorithiwa kutoka ukoloni. Kufikia wakati huo misingi ya kisa yenyewe ilikuwa ikibadilika. Chai na pareto zilikuwa zimeenea katika miinuko ya Nyamira na Kisii, idadi ya watu ilikuwa imepanda, mashamba yalikuwa yamegawanywa hadi kuwa vipande vyembamba, na malisho ya ng'ombe yalikuwa yamepungua. Shule na mshahara vikaanza kuwatenga watu kwa namna ambayo wingi wa dada haukuweza kuirekebisha.

N. Thomas Håkansson, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu mahari, wanawake na ardhi katika Gusii, alikuta hali iliyo kinyume cha ile ya miaka ya 1940. Wapenzi wengi walikuwa wakianza kuishi pamoja bila ng'ombe wowote kutolewa. Kwa mtazamo wa haraka ingeonekana kwamba vijana walikuwa wameshinda: hakuna baba wa kukimbiwa, hakuna mahakama ya kuogopwa. Lakini Håkansson alionyesha gharama yake. Mwanamke aliyeishi na mwanamume bila mahari hakuwa na msingi imara wa kudai shamba katika ukoo wa mwanamume huyo, na angeweza kuachwa bila ukoo wowote kujiona unawajibika kwake. Uhuru wa kuchagua ulikuja wakati ambapo kuchaguliwa hakukuwa tena na ulinzi.

Athari za hali hiyo zilidumu hata makaburini. Katika Gusii, mwanamke anapofariki akiwa ameishi na mume bila mahari, jamaa zake wamekuwa wakidai ng'ombe kwanza ndipo azikwe kama mke. Deni ambalo mapenzi yalilikwepa maishani linadaiwa juu ya jeneza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka kwamba, pale ambapo mahari inahitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kutolewa kwa kiasi cha ishara tu kunatosha. Sheria hiyo imejibu swali la mahakama, yaani nini kinachothibitisha ndoa. Swali la msichana wa kesi za zamani, yaani nani atakayeisikiliza hiari yake na bado amhesabu kuwa mtu wa kwao, haliwezi kujibiwa na kifungu cha sheria peke yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kisa cha mapenzi ya vijana na tofauti za mali hakikuhitaji kuletwa Gusii na filamu au riwaya. Kilikuwapo, kilikuwa na wasimulizi wake, na kilikuwa na ukumbi wake. Kilichotofautiana ni muundo wake. Mahali pa tajiri mmoja na maskini mmoja palikuwa na mnyororo wa nyumba zilizofungamanishwa na ng'ombe wale wale, kiasi kwamba kila ndoa ya hiari iligusa ndoa nyingine mahali fulani, na mara nyingi mwanamke ndiye aliyelipa.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Afrika Mashariki umekwisha kuzoea kumtafuta mdhalimu katika kila kisa cha mapenzi yaliyovunjika. Zoezi hilo lina faida yake, na tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ ni ushahidi tosha. Lakini kumbukumbu za ritongo zinadai swali la ziada. Baada ya kuuliza ni nani aliyewazuia wapenzi hawa, mhakiki aulize pia ni wapenzi gani wengine waliokuwa wakingoja nyuma yao, na ni nani aliyetumwa kuwalipia. Mwandishi atakayeiandika riwaya ya Gusii ya miaka hiyo hatakosa mhusika mkuu. Atamkuta Kerubo amesimama mbele ya wazee, akiulizwa habari za ng'ombe, na kaka yake ameketi nyuma katika baraza hilo hilo, akitumaini kwamba dada yake hatasema ukweli.